Salvador Dalí, mutu aliyefanya moyo wa zahabu upige

Ku Figueres, muji mudogo wa kaskazini ya Hispania, karibu na mupaka wa Ufaransa, kuko nyumba moja yenye vyumba vya giza. Mu chumba kimoja, nyuma ya kioo, kuko moyo. Si moyo wa nyama. Ni wa zahabu, una taji juu yake, na katikati mumepangwa rubi 46, mawe mekundu sawa damu. Kando yake kuko almasi 42 na zumaridi 4. Mutu akisimama mbele ya kioo anaona yale mawe mekundu yanapanda na kushuka, juu ndani muko mashini ndogo inayofanya moyo ule upige sawa moyo wa mutu aliyelala.

Moyo ule ulitengenezwa mu mwaka wa 1953. Aliyeuwaza alikuwa muchoraji, jina lake Salvador Dalí. Hakuchimba hata siku moja. Hakuyeyusha zahabu, hakukata jiwe. Alichora ku karatasi, akaonyesha: hapa zahabu, hapa rubi, pale almasi. Na leo watu wanatoka inchi za mbali kuja kuutazama, si juu ya uzito wa zahabu yake, lakini juu ya wazo lililo ndani.

Sisi wa Masisi na Walikale tunajua zahabu, coltan na cassitérite. Tunajua balance ya négociant kuliko vile tunajua wachoraji. Lakini maisha ya huyu mutu yanatuhusu, juu yote yalizunguka ulizo moja ambalo muchimbaji na bibi yake wanajiulizaka mangaribi wakihesabu franga: bei ya kitu inatoka wapi?

Jina la kaka aliyekufa

Dalí alizaliwa palepale Figueres tarehe 11 mwezi wa tano 1904. Karibu miezi tisa mbele ya kuzaliwa kwake, wazazi walikuwa wamezika mutoto wao wa kwanza, naye aliitwa Salvador. Huyu wa pili wakamupa jina lile lile. Kwetu kurudisha jina la marehemu ni jambo la kawaida, hakuna anayeshangaa. Lakini Dalí jina lile lilimulemea. Alisimuliaka mwenyewe kwamba, akiwa na miaka mitano, wazazi walimupeleka ku kaburi la kaka yake, wakamwambia kama yeye njo yule aliyerudi. Tangu hapo, vile alivyoeleza, alitaka kila mutu amutazame ili ijulikane kama Salvador aliye muzima ni huyu. Hata masharubu yake marefu, yaliyosimama sawa mishale ya saa, yalikuwa ya kazi ile.

Baba yake alikuwa notaire, mutu wa mihuri na makaratasi ya nyumba na mashamba, tena mukali. Mama alikuwa mupole, njo aliyemutia moyo mu kuchora. Mama alikufa na kansa mu 1921, kijana akiwa na miaka 16, na pigo lile halikumutoka.

Mwaka uliofuata akaenda Madrid kusoma ku chuo cha uchoraji. Kule alipata marafiki wawili ambao dunia ingewajua: Federico García Lorca, mushairi, na Luis Buñuel, mutu wa filamu. Masomo hakuyamaliza. Mu 1926 walimufukuza, juu alikataa kufanya mutihani wa mwisho, akisema kama walimu wale hawana uwezo wa kumupima.

Kuchora ndoto

Wakati ule ku Paris kulikuwa kundi la wasurealisti. Mukubwa wao, André Breton, alikuwa ametoa tangazo lao mu 1924. Walitaka kuandika na kuchora mambo vile yanavyokuja mu ndoto, mbele akili haijayapanga. Kila mutu anajua ndoto zilivyo. Unaona mama aliyekufa zamani anasonga bugali, nyumba haina mulango, ngombe anapanda ngazi, na wewe mwenyewe haushangai. Ukiamuka njo unashangaa. Wasurealisti walitaka ule mushangao uingie mu picha.

Dalí aliingia mu kundi lile mu 1929. Mwaka ule ule alifanya filamu fupi na Buñuel iliyotisha watu wa Paris, na wakati wa jua kali akakutana na Gala. Gala alikuwa Murusi, amemupita miaka kumi, tena alikuwa bibi ya mutu mwengine, mushairi Paul Éluard. Aliacha bwana yake, akabaki na Dalí. Notaire wa Figueres hakukubali mambo yale. Mwisho wa mwaka alimufukuza kijana wake mu nyumba.

Mu 1930 Dalí na Gala walinunua kibanda cha wavuvi ku Port Lligat, pembeni ya bahari. Feza ilikuwa kidogo. Miaka ilivyopita walinunua kibanda cha pili, cha tatu, wakaunganisha, paka ikawa nyumba kubwa. Gala njo aliyeshika feza. Njo aliyezunguka ku wanunuzi na picha mukononi, na njo aliyejua kukatala bei. Wengi walimuchukia juu ya lile. Lakini bila Gala, Dalí hangejua hata kulipa tikiti ya treni.

Mu 1931 alichora picha iliyomufanya ajulikane dunia nzima: saa zinazolegea sawa mugando wa maziwa uliowekwa ku jua, moja imetundikwa ku tawi, ingine imelala ku pembe ya meza. Picha ile ni ndogo, sentimetre 24 kwa 33. Gazeti hili ukilifungua linaifunika. Tangu 1934 iko ku makumbusho makubwa ya New York.

Vita, bomu na Shinkolobwe

Mu 1936 vita iliingia Hispania, wenyeji kwa wenyeji. Rafiki yake Lorca aliuawa mwezi wa nane. Dalí hakuchagua upande, na vita ilipokwisha akamusifu Franco, jenerali aliyeshinda. Marafiki wengi hawakumusamehe. Breton naye alimutoa mu kundi, akachukua herufi za jina Salvador Dalí, akazigeuza zikatoa jina la kumuchekelea: mwenye uroho wa dola. Jina lile lilimufuata paka kaburini, na tutaona kama halikuwa uongo mutupu.

Mu 1940 Wajeremani walipoingia Ufaransa, Dalí na Gala walikimbilia Marekani. Walikaa kule miaka munane. Mu 1941, pamoja na Fulco di Verdura, mutu wa ukoo wa kitajiri wa Sicilia aliyefanyaka kazi ya mapambo, Dalí alitoa bijou zake za kwanza.

Kisha bomu lilianguka Hiroshima, mwezi wa nane 1945. Dalí alitikisika. Mwaka ule ule alichora picha ya huzuni, akaweka atome na uranium mu jina lake. Sisi Wakongomani tuna sehemu yetu mu habari ile, hata kama mu vitabu vingi haisemwi: uranium ya bomu la Hiroshima, kwa sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mu muji wa Union Minière, ku mikono ya wachimbaji wa Kongo ambao hawakuambiwa jiwe lile linaenda kufanya nini. Muchoraji wa New York alitetemeka juu ya jiwe ambalo mababa zetu walilibeba.

Kutoka pale, vitu mu picha zake viliacha kugusana. Mwanamuke, kiti, maji ya bahari, vyote vinaelea peke yake, sawa vile wanasayansi walivyoeleza ndani ya atome. Mawazo yale yaliingia vilevile mu bijou zake.

Kalamu ku mukono mumoja, nyundo ku mwengine

Mapambo makubwa ya Dalí yalitengenezwa New York, mu kiwanda cha Carlos Alemany, fundi aliyezaliwa Argentina. Jina hili wachache wanalijua, na inafaa tulishike. Kazi ilienda hivi: Dalí alichora pambo ku karatasi na rangi zake, akionyesha umbo, kitu gani cha kutumia na mahali pake. Mawe alichagua mwenyewe, si juu ya bei na rangi tu, lakini juu ya maana ambayo watu walilipa kila jiwe tangu zamani. Alemany na mafundi wake walipokea karatasi ile, wakatafuta namna ya kufanya zahabu itii. Kuchora moyo unaopiga ni kazi ya siku moja. Kutia mashini ndani ya zahabu bila rubi kuanguka, ile ni kazi ya mafundi wenye subira.

Kati ya 1941 na 1970 yalitoka mapambo 39. Moja ni jicho la platini na almasi, la mwaka wa 1949. Mahali pa mboni muko saa ya kweli, na ku pembe ya jicho kunaning'inia chozi la almasi. Ingine ni mudomo wa rubi, unafunguka kidogo kuonyesha meno ya lulu. Kuko heleni zenye umbo la simu ya zamani, ile ya waya. Leo simu inaingia mu mufuko na ndani yake muko punje ya coltan labda iliyopita Rubaya; Dalí alikuwa ameifanya pambo la sikio mu 1949, juu aliona kama simu inaunganisha masikio ya watu. Kuko saa iliyolegea, ileile ya picha ya 1931, safari hii ya zahabu. Na kuko ua la zahabu na almasi la 1959, ambalo mashini inafungua na kufunga majani yake.

Kwa nini muchoraji mwenye jina aliingia mu kazi ya bijou? Alieleza wazi. Hakupenda namna matajiri walivyonunua mapambo kwa kuuliza jiwe lina karati ngapi. Alitaka kuonyesha kama wazo na kazi ya mukono vinapita bei ya jiwe. Aliwakumbuka mafundi wa Italia wa miaka ya 1400 na 1500, wakati muchoraji, mufua zahabu na mujenzi walikuwa mutu mumoja. Na alisema tena kama pambo bila macho ya kulitazama halijakamilika, na mwenye kulitazama njo anayelimaliza.

Zahabu ambayo haikuyeyushwa

Sasa tufuate njia ya mapambo yale, juu njia ile ina fundisho.

Ya kwanza 22 yalinunuliwa na tajiri wa Philadelphia, Cummins Catherwood. Mu 1958 yakaingia mu mikono ya Owen Cheatham Foundation, shirika la Marekani lililoyakopesha ku makanisa, masomo na vyama vya musaada, ili wayaonyeshe na kukusanya feza. Mu 1981 yakaenda ku tajiri mumoja wa Saudia. Kisha makampuni tatu ya Japani yalipokezana. Mu 1999 shirika lenye kulinda kazi za Dalí lilinunua mapambo yote na michoro yake kwa peseta milioni 900, zaidi ya euro milioni 5, likayarudisha Figueres. Tangu 2001 kila mutu anaweza kuyaona.

Marekani, Saudia, Japani, Hispania. Wenyewe walibadilika mara nyingi, bei ya zahabu ilipanda na kushuka, na hakuna hata mumoja aliyeyayeyusha. Muchimbaji anajua uzito wa neno hili. Zahabu inayotoka mu shimo la Walikale inapimwa ku Mubi kwa tola, inapita mikono ya négociant, inafika comptoir, inavuka mupaka, inaingia mu chungu cha moto pamoja na zahabu ya pahali pengine. Kutoka pale hakuna mutu anaweza kusema hii ni ya Walikale. Zahabu isiyokuwa na umbo inayeyuka, na ikiyeyuka inapoteza kwao. Moyo wa Dalí una mwaka, una jina la aliyeuchora, una jina la kiwanda. Njo maana hauguswi na moto.

Hata kwetu tunaliona lile mu vitu vidogo. Mama anayekimbia vita anaacha sufuria, anaacha mbuzi, anaacha mulango wazi. Pete ya ndoa haachi. Ku balance pete ile ni gramu chache tu. Lakini mukono wa fundi umeipa umbo, na maisha ya watu wawili yameipa jina.

Mugema akisifiwa

Tungependa kuishia hapa, lakini maisha ya mutu yanasimuliwa yote.

Dalí aliyefundisha kama wazo linapita jiwe, ni yeye aliyeuza jina lake hata bila wazo. Mu miaka ya 1960 alifanya matangazo ya chokoleti ku televizyo ya Ufaransa. Mu 1969 alichora alama ya Chupa Chups, zile bonbon za kijiti ambazo watoto wanajua, na ile haina ubaya, ni kazi safi. Ubaya ulikuja na makaratasi. Wachapishaji walimuletea karatasi nyeupe, bila kitu chochote, yeye anatia sahihi chini, wao watachapa picha nyuma. Sahihi moja, dola. Sahihi ingine, dola. Mu 1974 walinzi wa mupaka wa Ufaransa walisimamisha gari lililobeba karatasi karibu 40,000 zenye sahihi yake, zote nyeupe.

Ninyi wa Rubaya na Bisie munajua étiquette inayofungwa ku gunia. Ile plastiki haina bei yenyewe. Bei yake ni kwamba inasema ukweli juu ya shimo ambamo mali imetoka. Siku étiquette ya shimo moja inauzwa ili ifunge gunia la shimo ingine, numero ni ileile, rangi ni ileile, lakini haisemi tena kitu. Sahihi ya Dalí iligeuka vile. Soko lilijaa picha za uongo, watu walidanganywa mu inchi nyingi, na paka leo munnunuzi mwenye akili akiona karatasi ya Dalí ya miaka ile anarudi nyuma hatua mbili. Mugema akisifiwa, pombe anatia maji. Picha za zamani na mapambo ya Alemany hayakuguswa na aibu ile, juu pale mukono ulifanya kazi mbele ya jina kuandikwa.

Moyo uliochoka

Figueres ilikuwa na jumba la tiyatri lililoungua mwisho wa vita, mu 1939. Dalí alipokuwa kijana alikuwa ameonyesha picha zake mule mara ya kwanza. Alilijenga upya, akaligeuza makumbusho yake, likafunguliwa mwezi wa tisa 1974.

Gala alikufa mwezi wa sita 1982. Alizikwa Púbol, mu jumba la kale ambalo Dalí alikuwa amemununulia, na ambamo yeye mwenyewe hakuingiaka bila barua ya kualikwa. Kisha mazishi, Dalí akahamia pale. Mufalme wa Hispania alimupa cheo mwaka ule, lakini cheo hakikumurudishia hamu ya kula. Alikonda, mukono ukatetemeka, akaacha kuchora. Mu 1984 moto uliwaka mu chumba chake akiwa ku kitanda, akaungua. Mu 1986 waganga walimutia mashini ndogo ya kusaidia moyo upige.

Tuseme vile bila kuongeza chumvi: mutu aliyekuwa amewaza moyo wa mashini miaka 33 mbele, sasa alikuwa nao kifuani.

Alikufa tarehe 23 mwezi wa kwanza 1989, ku Figueres, moyo umechoka, akiwa na miaka 84. Hakuwa na mutoto. Mali yake yote aliacha ku serikali ya Hispania. Alizikwa chini ya jukwaa la tiyatri yake, muji uleule alimozaliwa, karibu na kanisa alimobatizwa. Wageni wanatembea juu yake kila siku, wengi bila kujua.

Pembeni kidogo, mu nyumba ya mapambo, moyo wa 1953 ungali unapiga. Vitabu vinavyoueleza vinahesabu rubi moja moja. Vinataja Dalí, na ukisoma vizuri vinataja Alemany. Mafundi waliokaa wameinama mu kiwanda chake hawatajwi, na waliotoa zahabu ile mu shimo hawatajwi kabisa. Dalí alisema kweli kama bei inatoka ku wazo na ku mukono. Alisahau tu kuhesabu mikono yote.

Ku Goma na Bukavu kuko mafundi wanaofua pete na heleni kwa zahabu ya Kivu. Kijana wa Walikale anayejua zahabu tangu utoto anaweza kuketi karibu yao, ajifunze kuipa umbo, na siku moja atie alama yake ndogo ndani ya pete, mahali ngozi inagusa. Zahabu ile itajua kwao.